Katibu Muthama na Neno Absenti

Kwa miaka kumi na saba Muthama ameandika kumbukumbu za kikundi chetu cha kusaidiana hapa Makongeni. Alikuwa karani wa stoo kiwandani, na mwandiko wake bado ni wa karani: herufi zimesimama wima, mistari imepigwa kwa rula. Kila mkutano una orodha tatu. Waliohudhuria. Absenti kwa udhuru. Absenti bila udhuru. Ukiingia orodha ya tatu mara tatu mfululizo, jina lako linafutwa na nyumba yako inatoka kikundini. Ikifiwa, hatukai nayo jioni wala hatuusindikizi mwili hadi mashambani.

Patrobas alikuwa mwanachama nambari ishirini na moja. Januari aliondoka akisema anakwenda Nakuru kutafuta kazi. Hakurudi, na simu yake haikupatikana tena. Kuanzia Februari, mkewe Everline, tunayemwita Mama Celine, alikuwa akifika kwa Muthama siku moja kabla ya kila mkutano na udhuru mpya. Ana malaria. Amepewa zamu ya Jumapili. Amekosa gari. Muthama aliandika yote bila kuinua macho. Alijua si kweli, na Everline alijua kwamba anajua. Nyumbani mle alikuwemo mama yake Patrobas, amelala kitandani tangu kiharusi kimpate, na sote tulielewa kwa nini nyumba ile ilikihitaji kikundi.

Juni Everline hakuleta udhuru. Julai pia hakuleta.

Muthama alikosa raha. Alifungua kamusi yake ya Kiingereza ya tangu sekondari, iliyoshikiliwa kwa selotepu, akalitafuta neno absenti, ambalo maisha yake yote lilikuwa adhabu tu: shuleni lilileta fimbo, kiwandani lilikata ujira wa siku. Alinakili alichokipata kwenye karatasi.

Agosti tulikutana kama kawaida katika darasa la chekechea, watu wazima kwenye viti vifupi, magoti karibu na kidevu.

"Nambari ishirini na moja, hii ni mara ya tatu," alisema mwenyekiti, Mama Teresiah. "Katibu, soma kanuni."

Muthama akasimama. "Mwenyekiti, kwanza naomba kulieleza neno lenyewe. Absenti lilitoka Kilatini, likapitia Kifaransa, ndipo Waingereza wakalichukua. Ndani yake mna vitu viwili: mbali, na kuwa. Kuwa mbali. Kwa hiyo mtu huyo yuko, ila si hapa. Tutamfutaje mtu ambaye yuko?"

"Katibu leo ni padri!" Okinyi, fundi viatu, alisema kutoka nyuma. "Basi nikilewa chang'aa nikalala huko huko, mwambieni mke wangu nilikuwa kwa Kilatini."

Darasa lilicheka mpaka Mama Teresiah akagonga meza. Everline alikuwa amesimama.

"Asante, Katibu. Uliniandikia uongo wangu miezi minne na hukuniaibisha. Lakini nimechoka kumsemea. Kama yuko, basi yuko huko alikochagua. Wa hapa ni mimi. Mkifiwa, anayekuja kupika ni mimi. Matanga ya mzee Ndete, nilienda na nyinyi sokoni Kiamaiko kununua mbuzi. Hilo daftari linasema nini kunihusu?"

Muthama alifunua kurasa, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Halisemi kitu, Mama Celine." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Kanuni niliziandika mimi. Hakuna mahali zinaposema mwanachama awe mume. Sisi tu ndio tulizoea hivyo."

"Naunga mkono aandikwe," alisema Okinyi, safari hii bila mzaha.

Mikono ikainuliwa yote. Muthama alipitisha mstari juu ya jina la Patrobas, akafungua nafasi mpya, nambari thelathini na nne.

"Everline nani?"

"Andika jina la baba yangu. Luseno."

Mama mkwe wake alifariki Oktoba. Tulikaa na Everline jioni tano, kisha tukausindikiza mwili hadi Butere kwa basi la kukodi. Patrobas hakuja. Muthama alikuwa na daftari lake hata kaburini, akiandika majina ya waliofika. La Patrobas hakuliandika popote, na Everline hakumwomba aliandike.