Kula Siyo Lazima

Nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini drafti naijua. Nilikuwa nikicheza na kaka yangu kwa vizibo vya soda, na kwenye drafti kula ni lazima: ukitegewa kete usipoila, yako inaondolewa.

Kaka alikuwa dereva wa lori la korosho. Mara tatu alimwambia tajiri wake, "Bosi, breki hazishiki." Tajiri akajibu, "Msimu ukiisha." Kwenye mteremko wa kushukia Nandagala, lori likapinduka. Kaka akafa palepale. Mimi nilikuwa juu ya magunia; nikatoka na mguu uliovunjika sehemu mbili.

Wodini Nachingwea, kitanda cha jirani alilala sista mzee wa misheni, kavunjika nyonga. Alikuwa na ubao wa chesi, akanifundisha. Alisukuma askari wa mbele ya malkia hatua mbili, nami nikasukuma wangu, wakakabana uso kwa uso. Halafu akamleta askari mwingine ubavuni mwa yule wake, hana mlinzi. Nikamla.

"Mama, una njaa?" akacheka. Askari wangu akawa kaondoka katikati, na katikati akapajaza yeye. Siku nne nilipigwa hivyohivyo.

"Sista, unanionea."

"Nani kakulazimisha kula?"

"Si sheria?"

"Sheria ya wapi? Ya vizibo?"

Akanionyesha: yule wa bure mwache alipo. Sogeza askari wa mbele ya mfalme hatua moja tu, amlinde mwenzake. Ubaya wake niliuona hapohapo. Askofu wangu kafungiwa nyuma ya askari wangu mwenyewe.

"Ndiyo hivyo," sista alisema. "Huyo atakaa kizuizini. Lakini katikati hujabanduka."

Wiki hiyo akaja mwenyekiti wa kijiji chetu na karatasi na wino wa mhuri. Tajiri ananipa mabati ya nyumba nzima, mimi niweke dole gumba tu. Nikamwomba sista anisomee. Karatasi ilisema dereva alikuwa amelewa.

Kaka yangu! Mtu ambaye hata togwa ikichachuka alikuwa haigusi.

"Dada, marehemu hafungwi," mwenyekiti alisema. "Wewe ndiye unayevujiwa. Chukua."

"Hii siyo drafti, mwenyekiti."

"Drafti gani tena?"

Nikauingiza mkono chini ya shuka. Sista akageuzia uso ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Waliomuua kaka na kutaka kumzika mara ya pili nawataja: tajiri aliyeambiwa mara tatu, na mwenyekiti aliyembebea wino. Hakuna aliyeulizwa. Malori ya tajiri bado yanakwenda Ruangwa, na vumbi lake nalila mimi. Nyumba yangu bado ya nyasi. Mvua ikianza nahamisha kitanda, nachechemea nacho kona hadi kona. Lakini hakuna karatasi popote, Nachingwea wala Ruangwa, yenye dole gumba langu, inayosema kaka yangu alikuwa mlevi.