Fundi Povu na Bwawa Lililotaka Kuinuka

Saa moja asubuhi, Fundi Povu amesimama ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji, gambuti miguuni, barakoa usoni. Ukingoni, wifi yake ameshika mpira wa maji.

"Lowesha ukuta kwanza, wifi. Ukikauka, tindikali itatuchorea ramani ya madoa."

"Ningejua naolewa kwenye ukoo wa kumwagilia kuta, ningekimbia mapema," wifi anajibu, huku mpira ukiendelea kumwaga.

Povu anamimina tindikali iliyochanganywa na maji. Plasta inatoa povu jeupe. Ndiko lilikotoka jina lake. Harufu inachoma puani kama sindano. Anasugua mbiombio, anapaza sauti, "Maji!" Wifi anasuuza. Ukijani wa mwani unaondoka, na ngozi nyembamba ya plasta inaondoka nao.

"Ukipitiliza," anasema, "utabaki unasugua zege."

Povu, mama wa watoto watatu, alikuwa mfagiaji kabla ya kujifunza kazi hii kwa fundi ambaye hakuvaa barakoa, na ambaye leo hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Glavu hununua mwenyewe. Zikitoboka, huziba kwa gundi.

Lakini leo anachoogopa si tindikali. Mvua imenyesha wiki nzima, na ardhi imeshiba. Bwawa tupu likisukumwa na maji kutoka chini huweza kuinuka kama sufuria kwenye beseni, likapasuka. Alimweleza meneja wa nyumba hii ya wageni. Akajibiwa kwamba wageni wanaingia Jumamosi, na mafundi wako tele.

"Mkono mtupu haulambwi," anasema Povu. "Nikakubali."

Kufika adhuhuri, bwawa zima ni jeupe. Mabaki ya tindikali yamepozwa kwa magadi na kuvutwa kwa pampu. Povu anafuta sehemu yenye kina kwa tambara, kisha anaganda. Kando ya kizibo cha sakafuni, maji yanachuruzika. Anafuta. Yanarudi, yana rangi ya udongo.

Akifungua kizibo, maji ya ardhini yataingia na msukumo utapungua. Yataingia na tope, juu ya sakafu aliyoinamia tangu asubuhi.

"Usithubutu!" meneja anafoka kutoka juu. "Unataka kuniharibia weupe wote huu?"

"Bosi, doa nitalisugua. Ufa nitausugua na nini?"

Anapiga goti, anazungusha spana. Maji ya kahawia yanaruka hadi kifuani. Meneja anaondoka na simu sikioni.

"Wifi, tumefukuzwa au bado?"

"Bado. Washa pampu," Povu anajibu.

Alasiri, maji yanayopanda yamepungua kuwa uzi. Povu anasafisha tope, anafunga kizibo, anafungua bomba la maji safi: uzito wake ndio utakaolituliza bwawa. Anapapasa kuta kwa kiganja, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Hakuna ufa. Anapapasa tena.

Meneja hajasema kama atamwita siku nyingine.

Povu anavua barakoa. Imemwachia alama nyekundu mashavuni.

"Sitaki makubwa," anasema, macho yakiwa kwenye maji yanayopanda polepole mno. "Natamani tu siku moja nimwambie mtu, 'Ngoja ardhi ikauke kwanza,' angoje, halafu aniite mimi."