Nyoka wa Mama Mkwe

Kwetu mtoto akishaacha ziwa, bibi yake ana haki ya kumwomba akamlee. Lakini hata bibi hawezi kumnyakua hivihivi; lazima awe na neno, yaani kosa la mama katika kumlea mtoto. Mama mkwe wangu alipofika Elisabethville kutoka Kasomeno, nilijua amekuja kulitafuta, nami sikutaka kumtoa mwanangu.

Alianza na maziwa ya kopo. Akahamia kwenye moshi wa kiwanda, kana kwamba niliuwasha mimi. Yote nilimjibu kwa heshima, kichwa chini, meno nimeyauma. Ndipo asubuhi moja akapiga kelele nyuma ya lupango letu, uwanja wa nyumba yetu, pale tulipoacha majani yakakua marefu.

“Yo, mama! Nyoka! Munalalisha mutoto na nyoka!”

Nyoka gani! Alikuwa mjusi wa majani. Nilikuwa namwona kila nikianika nguo: mwembamba kama kamba ya kiatu, rangi ya majani makavu, mkia wake mrefu kupita mwili wote. Hapandi ukuta wala hatambai chini kama mijusi wengine. Anateleza juu ya majani, akinyemelea panzi. Miguu anayo, minne, ila midogo mno hata unamwonea aibu. Jike hatagi mayai, anazaa watoto wazima, na wakishatoka kila mmoja anashika njia yake. Hakuna bibi anayekuja kuwaomba. Bahati yao!

“Hapana, Mama,” nikasema. “Ile haiko nyoka. Iko na miguu.”

“Unionyeshe.”

Nikapiga magoti kwenye majani, mume wangu amesimama kando mikono mfukoni, mtoto nimemfunga mgongoni. Nikamwona, nikamrukia, nikamkamata! Naye akanifanyia wanachofanya mijusi: akaniachia mkia, akajikokota akapotea. Katika mwili wake wote nilibaki na kile kipande kisicho na mguu hata mmoja, nacho kinajinyonganyonga mkononi mwangu mbele ya mama mkwe.

“Ee,” akasema polepole. “Na miguu iko wapi?”

Nikamgeukia mume wangu. Mwanaume anayeshinda mbele ya tanuru la kuyeyusha shaba aliutazama mkia, akamtazama mama yake, akakohoa.

“Kweli, inafanana na nyoka.”

Basi, yakaisha. Nilifunga nguo za mtoto huku nalia kwa hasira, na hakuna aliyeniuliza ninalia nini.

Kwenye kamyo, lori la kurudi Kasomeno, mwanangu alikaa mapajani mwa bibi yake akila ndizi, wala hakunitazama mimi niliyesimama chini. Iliniuma sana. Injini ilipowaka, mama mkwe akainama, akanishika bega kwa upole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma.

“Ile mujusi yako, usiiuwe,” akaniambia. “Haiumaka muntu. Kule kwetu batoto banachezaka nayo.”