Mabeseni Matatu ya Mama Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Hata mumewe alilizoea jina hilo, na alipomwita "mke wangu" ujue kuna jambo. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu iliyovishwa blanketi kuukuu, na kamba zilizopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mgeni mrefu aliingia ameinama kama mtu anayeomba radhi. Humo ndimo alimosomeshea watoto wanne kwa nguo za watu. Lakini chumba hakikuwa chake.

Sasa mwenye nyumba alitaka kukiuza. Kwa kuwa Mama Pasi hakuwahi kumchelewesha kodi, alimpa nafasi ya kwanza: alete nusu ya bei kufikia Ijumaa, nusu nyingine wamalizane mwaka ujao. Akishindwa, yupo muuza simu. Na huyo muuza simu alikwishapita na futi, akapima ukuta Mama Pasi akiwa anapiga pasi, akauliza kama hizo kamba zinang'oka kirahisi.

"Zinang'oka," Mama Pasi alimjibu bila kuinua macho, "ila wewe utang'oka kwanza."

Maneno hayo aliyasema akiwa na pa kuegemea. Miaka mingi alikuwa akiweka akiba yake kwenye hisa kwa ajili ya siku kama hiyo, na aliyechagua hisa alikuwa mumewe, dereva mstaafu wa malori ya saruji. Kanuni ya mzee ilikuwa fupi: nunua unachokijua. Basi walinunua hisa za kiwanda cha saruji, za kampuni ya mifuko na za kampuni ya malori. Kote huko mzee aliwajua walinzi wa getini, na mbwa wao pia.

"Tumegawa mali sehemu tatu," alipenda kuwaambia wageni, kidole kikiwa hewani. "Moja ikianguka, mbili zitaibeba."

Jumatatu ya wiki hiyohiyo tanuri kuu la saruji lilipasuka. Bei ya hisa za saruji ilianguka siku hiyohiyo, na kesho yake za mifuko na za malori zikafuata. Jumatano asubuhi Mama Pasi alimpigia dalali wao wa hisa, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akamuuliza lile ambalo kila mteja alikuwa akimuuliza wiki ile: niuze au ningoje?

"Bei itakwenda wapi sijui, dada yangu, na atakayekwambia anajua anakudanganya. Niambie kwanza, hela hiyo ina kazi?"

"Ina kazi."

"Kazi yenyewe inaweza kungoja?"

Mama Pasi aliutazama ukuta uliopimwa. "Mwisho Ijumaa."

"Basi hela yenye tarehe haikai kwenye hisa. Ilipaswa kutoka mapema, na hilo niseme ukweli, hukuniuliza. Kwa bei ya sasa hivi, ukiuza zote, unapata nusu ya chumba na chenji kidogo. Ya mchana siijui. Malipo nayo huchukua siku mbili. Njooni wote wawili mtie sahihi kabla soko halijafungwa."

Hiyo sahihi ya pili ndiyo iliyokuwa mwiba. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, redio sikioni.

"Siuzi," alisema. "Ukiuza leo, hasara umeikata kwa mkono wako mwenyewe. Hisa zetu hazijapungua hata moja, imepungua bei. Subira huvuta heri, mke wangu."

"Na Ijumaa huvuta nini?"

"Mbona unanipandia juu? Tumegawa sehemu tatu! Haziwezi kufa zote kwa mpigo."

Mama Pasi aliinuka. Akaenda uani. Pale palikuwa na ovaroli za mwisho za wiki iliyopita, za wafanyakazi wa kampuni zilezile tatu, wateja wake wakubwa. Tangu Jumatatu hapakuletwa mzigo mwingine, wa saruji, wa mifuko wala wa malori, na hilo lilimtisha kuliko redio. Alitenga mabeseni matatu. Ovaroli za bluu aliziloweka huku, za kijani huku, za kaki kule. Akafikicha, akakamua, akazitoa zote na kuzifunika kwa shuka. Maji akayaacha.

"Baba watoto, hebu njoo."

Mzee alikuja akiburuza kandambili.

"Wewe umekula vumbi la barabara ya kiwandani maisha yako yote. Nionyeshe beseni la saruji, la mifuko na la malori."

"Sasa haya ndiyo mambo gani?"

"Nionyeshe tu."

Mzee aliinama. Maji yote matatu yalikuwa ya kijivu, kijivu kilekile kizito, yakianza kutuama tope chini. Alichovya kidole katika beseni la kwanza, akasugua kwa dole gumba. Akaenda la pili. Alipofika la tatu, akarudi la kwanza. Watu wa mifuko walishinda kwenye mashine ya kujazia saruji. Watu wa malori waliibeba mgongoni. Hakuwa amelisahau hata moja kati ya hayo. Hakuwahi tu kuyaweka pamoja.

"Vumbi ni moja," alisema mwishowe.

"Na hisa zetu ni hivyohivyo."

Alibaki ameinama, kidole kikidondosha maji. "Mimi ndiye niliyezichagua."

"Na mimi ndiye niliyekubali. Kulaumiana tutalaumiana kesho, nafasi ipo. Vaa viatu."

Walifika kwa dalali wakihema. Bei ilikuwa imeshuka tena, na ile chenji haikuwepo tena. Walitia sahihi. Ijumaa hela iliingia ikiwa pungufu kidogo ya nusu, na Mama Pasi alifungua droo ya meza ya pasi akajazia kwa sarafu za wateja, mwenye nyumba akizipokea moja moja, uso umekunjamana.

Miezi ilipita. Tanuri lilitengenezwa, likawashwa, na bei ya saruji ikapanda kupita ilipokuwa mwanzo. Mzee aliisikia redioni akaongeza sauti hadi jirani akachungulia.

"Umesikia? Si nilikwambia tungoje?"

Moyo wa Mama Pasi ulimuuma. Hakujidanganya kwamba haukumuuma. Lakini nje lori lilikuwa limesimama, na wapakizi walikuwa wakishusha mafurushi ya ovaroli, ya bluu, ya kijani na ya kaki, yakirusha vumbi kila yalipogusa chini.

"Ulinambia, baba watoto," alisema. "Sasa pokea mzigo uingize ndani."

Mzee alilitazama furushi, kisha akautazama mlango wa chumba ambacho muuza simu hakukipata. Akazima redio, akajitwisha, akainama chini ya kamba na kuingia.