Fundi wa kuta aliyegoma kusema nani kamtuma

Saa moja asubuhi, Hillel Brodzki amepiga magoti sebuleni kwa Bi Earline Guidry, mjini Houston, anakata ubao wa jipsamu. Hatua tatu nyuma yake, mwenye nyumba ameketi kwenye kiti cha plastiki, kamkazia macho kama msimamizi wa mtihani.

“Hizo skrubu umezihesabu?” anauliza.

“Sijazihesabu, mama.”

“Mimi nimezihesabu.”

Hillel, mwenye umri wa miaka 57, haguni. Kazi ya kufunga kuta ameifanya kwa miaka thelathini, na kwa siku hulipwa dola 240. Hapa halipwi hata senti, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kimbunga cha Septemba kiliujaza mtaa huu maji ya kiunoni, na kuta zilizolowa zikaota ukungu. Bi Earline ni mjane wa miaka 74, na bima hana. Jiji lilimpa hadi mwisho wa Januari awe amezing'oa kuta mbovu na kufunga mpya, la sivyo nyumba itangazwe kuwa haifai kukaliwa.

Wakati huohuo, wanaume waliovaa vizuri walikuwa wakipita mlango kwa mlango kununua nyumba zilizolowa kwa bei ya kutupa. Jirani yake mmoja alitengenezewa paa bure, akasaini karatasi bila kuisoma. Leo anaishi kwa bintiye.

Kwa hiyo Hillel alipobisha hodi akiwa na mbao za jipsamu arobaini na sita kwenye gari, machale yalimcheza Bi Earline.

“Nikamuuliza, nani kakutuma? Akasema, kuna mtu. Mtu gani? Hawezi kumtaja. Nikamfungia mlango,” anasimulia, wala hajuti.

Hillel ni Myahudi. Kwao alilelewa akiambiwa kwamba sadaka bora ni ile ambayo anayepokea hamjui aliyetoa, wasije wakaoneana haya wakikutana dukani. Ndiyo maana alijifanya kibarua aliyetumwa na tajiri fulani. Hakufikiria maneno hayo yanavyosikika kwa mjane ambaye nyumba yake inawindwa.

Alirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili aliongea na mlango uliofungwa. Zikabaki siku kumi na tisa muda wa jiji uishe.

Mkewe, Perel, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyempasha wakiwa mezani.

“Umemwepusha na aibu, ukampa hofu. Hiyo ni sadaka ya wapi, Hillel?”

“Kwa hiyo nikajitangaze?”

“Kamwambie ukweli. Kama ni aibu, imeze wewe.”

Akaenda. Anasema hajawahi kuona haya kama siku ile, amesimama barazani kwa watu anakiri wema kama mwizi aliyekamatwa. “Ni sisi, mama,” alisema huku akitazama viatu vyake. “Mimi na mke wangu.”

Hata hilo Bi Earline hakulimeza. Alimchukua mpwa wake mwenye gari, wakaenda kwa kina Brodzki bila kuwaarifu. Alitarajia kukuta jumba. Alikuta sebule iliyobaki nguzo tupu, haina ukuta hadi usawa wa kifua, na familia nzima imehamia juu. Zile mbao arobaini na sita walikuwa wamezinunua kwa ajili ya nyumba yao wenyewe.

“Nikazidi kumshuku,” anakumbuka. “Mtu gani mwenye akili timamu anaziba kwa jirani wakati kwake kuko wazi?”

Swali hilo alimuuliza Perel palepale mlangoni.

“Sisi tuna ghorofa ya juu, mama,” Perel alimjibu. “Wewe huna.”

Bi Earline alirudi nyumbani akawaza siku mbili. Kisha akatoa sharti. Mwanasheria anayesali naye kanisani aliandika karatasi moja: Hillel, mkewe na watoto wao hawatainunua nyumba hiyo, wala kumletea mnunuzi, hata wakiombwa. Hillel aliisoma yote, akasaini, akaomba nakala.

“Nakala ya nini?” Bi Earline alishtuka.

“Ya kumwonyesha mwenye nyumba inayofuata.”

Sasa zimebaki siku nne mkaguzi wa jiji aje, na umebaki ukuta mmoja. Bi Earline akiulizwa kama hatimaye anamwamini fundi wake, anajibu bila kufikiri.

“Hapana. Lakini jana nimerudisha kitanda changu chumbani.”

Akimaliza hapa, Hillel atavuka barabara kwenda kwa mzee mmoja ambaye naye ameshamfukuza mara moja. Kwao watafunga kuta kabla ya Pasaka ya Kiyahudi, kwa sababu Perel amekwisha kualika wageni na hataki kusikia habari nyingine.

Na mjane huyu asiyembandua macho, hamuudhi?

Hillel anafuta vumbi jeupe usoni. “Ana haki,” anasema. “Hata akiamka kesho bado ananishuku, sawa tu, ilmradi ameamkia kwake.”