Nafasi ya Kwanza Nilimpa Mwinjilisti

Aibu hii ni yangu, sitamsingizia mtu, na naisimulia sasa kwa sababu nimegundua nisipoisimulia mimi inasimuliwa na wengine, tena wanaongeza vitu. Nikifika sehemu ya kipaza sauti mtaniona nakohoa kidogo. Mnivumilie.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Bondeni hapa Kyela mjini, naitwa Ipyana. Kila mtu hapa anashabikia mpira wa miguu, lakini mimi na rafiki yangu Gwakisa tuliambukizwa ugonjwa wa kikapu tangu shule, na ugonjwa wenyewe siyo kucheza (kucheza hatukuwahi kujua), ni kubishana. Gwakisa ni karani wa mizani ya kakao kule kwao Ndandalo, anapita kibandani kwangu karibu kila siku kujaza upepo ambao sijui huwa unakwenda wapi, na akishakaa kwenye kile kigoda hatuongei mahindi wala siasa, tunaongea ligi ya Marekani na drafti zake. Nikisema drafti msifikirie ile ya vizibo vya soda. Wamarekani wana siku moja kwa mwaka ambapo timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, timu mbovu inaanza, na anayechaguliwa mwanzo analipwa zaidi kuliko anayechaguliwa mwisho. Basi sisi tulikuwa tunazifufua drafti za miaka ya nyuma kama watu wanaofufua kesi za mashamba. Timu fulani ilipewa nafasi ya kwanza ikachukua jamaa mrefu kama mlingoti, magoti yakamwisha, na yule waliyemruka hadi watu wakaanza kukunja viti ndiye anayewanyanyasa hadi leo, tena kwa mshahara wa kumwonea huruma kwa sababu mkataba wake ulifuata nafasi aliyochaguliwa. Mimi nilikuwa na maneno makali sana juu ya mabosi wale. Niliwaita vipofu. Niliwahi kusema, mbele ya wateja, kwamba ningepewa mimi kazi ile kwa siku moja tu wangeona.

Nikapewa.

Ilikuwa hivi. Uwanja wa kikapu wa shule moja hapa mjini ulikarabatiwa, ringi zikawekwa mpya, na vijana wakaamua kufanya bonanza la kata tatu: Bondeni, Ndandalo na Bujonde. Tatizo, wachezaji wenyewe walikuwa wachache na wengine wanatoka mbali, kwa hiyo kwenye kikao nikasimama nikasema tuwachanganye wote, kila kata iwe na mchaguzi wake, tuchague kwa zamu kama Wamarekani. Wakapiga makofi. Nikanogewa. Wenye mashine za mpunga walikuwa wametuchangia mchele, nikasema na huo mchele ufuate nafasi: wa kwanza kuchaguliwa kila timu apate gunia zima, anayefuata apungue, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho apate soda na asante.

Gwakisa, ambaye alikuwa mchaguzi wa Ndandalo, akapinga. "Mimi gunia la kakao silinunui kabla sijapasua punje nikaona ndani," alisema. "Tuwape baada ya kuona wamecheza."

Nikamwambia huo ni ushamba, mkataba unasainiwa kabla, na nikamtaka katibu aandike kwenye daftari kwamba hoja ni yangu. (Nilimtajia hadi herufi za jina langu, asije akakosea.)

Siku ya kuchagua ilikuwa Jumamosi. Asubuhi wachezaji wangefanyiwa majaribio, saa nne tungewachagua mbele ya watu. Sasa hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniangusha. Nilikuwa na suruali yangu nzuri ya kijivu, nikaona mtu atakayeshika kipaza sauti hawezi kusimama na mikunjo, nikachomeka pasi, umeme ukakatika. Mke wangu Atupele akasema, "Nenda tu, nani atakutazama miguu?" Nikasema nitasubiri kidogo. Majaribio ni ya watu wasiojua, mimi nina jicho. Umeme ulirudi karibu na saa nne, nikanyoosha suruali yangu vizuri kabisa, nikafika uwanjani majaribio yamekwisha na wachezaji wamechanganyika na watazamaji, wote wanakunywa maji.

Kwa kura, sisi Bondeni ndio tulioanza, na mchaguzi wetu nilikuwa mimi. Nikashika kipaza sauti.

Kabla sijasema kitu mama mmoja akanisogelea. Nilimfahamu kwa sura, anauza vyungu sokoni, vile vizuri vya Wakisi wa Ikombe kule ng'ambo ya Matema. Alikuwa na mwanawe, kijana mfupi mfupi mwenye mabega, aitwaye Yohana. Mama yule akanisalimu na kusema kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, "Ugonile fundi. Huyu mwanangu alicheza shuleni, ana mikono mizuri. Hajawahi kuniangushia chungu hata kimoja tangu tuanze kuvishusha kwenye mtumbwi."

Yeye alininong'oneza. Mimi nilimjibu kwenye kipaza sauti. Nikasema, "Mama, hapa tunachagua wacheza kikapu, siyo wabeba vyungu."

Watu walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikangoja wamalize kucheka ndipo niendelee. Yule kijana aliangalia viatu vyake. Mama yake alirudi akakaa kwenye nyasi akaanza kukunja kanga iliyokuwa tayari imekunjwa.

Halafu nikamwona mtu wangu. Alikuwa amesimama peke yake chini ya ringi, mrefu kiasi kwamba akiinua mkono angeugusa wavu bila kuruka, kavaa fulana nyeupe na raba nyeupe, katulia kama mtu anayejua thamani yake. Nikasema moyoni, Bondeni tumepona.

"Wewe mrefu pale, sogea. Jina lako nani?"

"Naitwa Asajile."

"Umetokea wapi?"

"Tukuyu. Ila nimehamia Bujonde wiki hii."

"Uko tayari kuifanyia kazi Bondeni?"

"Niko tayari kufanya kazi popote nitakapotumwa," alisema, kwa unyenyekevu ulionigusa.

Nikampa mkono, nikatangaza nafasi ya kwanza, gunia likaletwa, nikamkabidhi mwenyewe nikamwambia ni la kumkaribisha. Akanishukuru kwa mikono miwili, "Ndaga fijo." Niliona watu wa Bujonde wanatazamana nikadhani ni wivu. Ndipo katibu akachukua kipaza sauti akasema, "Samahani, tulisahau kufungua kwa sala. Namwomba mwinjilisti wetu mpya wa Bujonde, mtumishi Asajile, aje atuombee."

Na mchezaji wangu akaliacha gunia, akaja mbele, akafumba macho.

Sikusikia sala ile hata neno moja. Nilikuwa nasikia watu wanavyobana pumzi wasicheke katikati ya maombi, na Gwakisa, ambaye ni mzee wa kanisa kabisa, alikuwa anatetemeka mabega. Baada ya amina ningeweza kusema nimekosea, watu wangecheka dakika moja, yakaisha. Badala yake nikasema, "Nilijua. Kwani mtumishi hachezi?" Nikamvuta pembeni nikamuuliza kama amewahi kucheza kikapu. Akafikiri. Akasema chuoni alikuwa anatunza mipira.

Uchaguzi ukaendelea, mzunguko baada ya mzunguko, na Yohana hakuchaguliwa. Mchaguzi wa Bujonde aliniambia baadaye kwamba alimwona asubuhi akirusha na alimtaka, ila baada ya utani wangu aliogopa kuchekwa. Gwakisa naye alimwona, akakaa kimya kama mtu aliyeona kakao safi kwa bei ya takataka, akangoja hadi jina la mwisho kabisa, akamchukua. Kwa soda.

Wiki iliyofuata nilimfundisha mwinjilisti. Sitaki kusema mengi, alijitahidi sana na hakuchelewa hata siku moja, lakini kila akigongana na mtu alisimama kumpa pole, na pole ya Kinyakyusa, mnajua, haina haraka.

Jumamosi ya mchezo uwanja ulijaa. Ndandalo na sisi. Mpira wa kwanza ukamfikia Asajile, mchezaji wa Ndandalo akapiga kelele kumhadaa, "Naomba, naomba," na mtumishi akampa. Akampa kwa mikono miwili. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Ameomba, fundi." Kwa upande mwingine Yohana alikuwa anadaka mipira ambayo mtu mwingine angeikimbia, akiipokea kwa vidole bila sauti, na akirusha huoni mpira ukigusa chuma. Kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa hadi mtu wa ubao wa pointi amepumzika kuandika za kwetu. Na watu wakaanza, kwanza wachache nyuma, kisha upande mzima: "Fundi, nani anabeba vyungu?"

Hapo ningekaa. Lakini nilikiona kipaza sauti kiko peke yake mezani, na nikapata wazo la kuwageuza watu. Nikakichukua (nakohoa, mniwie radhi) nikasema, "Ndugu zangu, tuache utani. Mnamwona kijana huyu Yohana? Ndiye nyota wa bonanza hili, na Ndandalo wanamlipa soda moja. Soda. Huu ni unyonyaji, ni yale yale ya Marekani tunayoyapinga kila siku. Nataka Gwakisa asimame aeleze ni nani aliyeleta dhuluma hii Kyela."

Nilipigiwa makofi. Niseme ukweli, zilikuwa sekunde tamu. Gwakisa akasimama polepole, akaenda kwa katibu, akaomba daftari, akaja nalo hadi pale nilipo, na kwa sauti ile ile anayosomea uzito wa kakao akasoma: "Hoja ya mchele kufuata nafasi ya kuchaguliwa. Imeletwa na Ipyana, fundi baiskeli, Bondeni. Ameomba jina lake liandikwe." Akafunga daftari. "Gwe Ipyana, niendelee au inatosha?"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Kulikuwa na watu waliolazimika kukaa chini. Kuna mzee alinishika mkono kunipa pole huku machozi yanamtoka ya kucheka. Nami nimesimama katikati na kipaza sauti, sijui nikiweke wapi.

Aliyenyamazisha watu ni mwinjilisti. Alikuwa hajacheka. Aliniuliza taratibu, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu kwa hiyo uwanja wote ulisikia, "Fundi, lile gunia lilikuwa mshahara?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilidhani mnanikaribisha."

Aliondoka na baiskeli ya mtu, kwa fulana ile ile iliyolowa jasho, tukacheza kipindi cha pili watu wanne dhidi ya watano, na tulipomaliza kufungwa akawa amerudi na gunia nyuma ya baiskeli. Akalishusha mbele ya mama yake Yohana. Akamwambia ni la kijana wake, ila amsamehe, limepungua, kwa sababu wageni walikuja kumwona na wamepika mara tatu.

Mama yule akaniangalia mimi, siyo mwinjilisti. Nilitegemea matusi na ningeyapokea vizuri. Akasema, "Mchele tunalima hata sisi, fundi. Mwanangu alitoka Ikombe alfajiri ile kwa mtumbwi, akapanda gari Matema, ili mtu mmoja anayejua kikapu amtazame akirusha. Wote walisema wewe ndiye unayejua. Na wewe hukuwepo."

Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa nanyoosha suruali? Nikasema, "Nisamehe, mama," na safari hii nilisema bila kipaza sauti, halafu nikaona huo nao ni ujanja, kwa sababu matusi niliyatoa hadharani. Nikakiwasha tena nikarudia mbele ya wote: nisamehe mama, nisamehe Yohana, sikukuona ukicheza na nikakusema. Yohana akanipa mkono. Ana mkono mgumu kama spana. Na sauti ya Atupele ikatoka huko kwenye akina mama, wala hakupaza sana: "Na kilichopungua kwenye gunia kitajazwa kutoka stoo yetu." Kikajazwa. Kwa muda wa mwezi mmoja nyumbani tulikula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na kila sahani ikiwekwa mezani hakuna aliyehitaji kuniambia sababu.

Sasa sichagui mtu. Nimeapa, na Atupele ni shahidi, kwamba mtu ambaye sijakaa nikamtazama akifanya kazi yake sitasema neno juu yake, la kumsifu wala la kumponda. Wale mabosi wa Marekani bado nawalaumu kidogo, hawanisikii, lakini nikifika kwenye neno vipofu sauti inashuka yenyewe.

Juzi kaja kijana kutoka mbali na pancha, hanifahamu, na wakati nabandika kiraka ananisimulia eti kuna fundi mmoja hapa Kyela aliwahi kumsajili mwinjilisti akamwacha mchezaji. Alikuwa anacheka hadi anashika paa la kibanda.

"Yule bwana lazima alikuwa amelewa," akasema.

"Alikuwa mzima kabisa," nikamwambia, nikaendelea kujaza upepo.