Njia ya Vestina

Mke wangu Vestina alizaliwa Izimbya. Alipoolewa kwangu, huku mlimani upande wa Ngenge, alikuta majirani wa juu wanazunguka kibanja chetu kwenda chemchemi. Wanazunguka na ndoo kichwani. Akachukua panga, akafyeka katikati ya migomba.

Nikamwambia, "Wataiba ndizi."

"Mwenye njaa akila ndizi moja, kibanja kitahama?"

Njia ikabaki. Watu wakaiita njia ya Vestina. Aliyepita alisalimia, na Vestina alimjua kwa sauti kabla hajamwona. Hakuwa kiongozi wa kitu. Alilima, alianika kahawa, alizaa, tukazika wawili.

Mwaka juzi akaja Yoeli, mtoto wa jirani yetu marehemu Kyaruzi. Ni mtu mzima sasa, anafanya kazi na watu wa Bukoba wanaoandaa mbio za milimani. Alivaa saa nene. Alisema kila anapokanyaga, ile saa inapata habari kwa setilaiti, wanaita GPS, nayo inachora mstari. Siku ya mbio wakimbiaji wataubeba mstari huo kwenye saa zao, wasipotee.

"Inaonyesha na njaa?" Vestina akamuuliza.

"Inaonyesha mwinuko, mama."

"Mwinuko mimi naonyeshwa na magoti. Twende."

Akatangulia, Yoeli nyuma, mpaka chemchemi. Vestina alikuwa ameshaanza kuumwa. Alisimama mara nyingi. Yoeli akacheka, "Mama, unanichorea mafundo!" Waliporudi akatuonyesha kwenye simu: mstari mwembamba, na pale alipopumzika umejikunja kama uzi. Vestina alifurahi.

"Kumbe na mimi nimeandikwa."

Alikufa masika yaliyofuata. Alikuwa ameniambia, "Usinifiche nyuma kwenye mibuni. Niweke watu wanapopita." Tukamzika palepale njiani. Kichwani nikapanda mlamula, mti wetu wa kuonyesha mpaka. Hakuna aliyetangaza neno. Watu walianza wenyewe kupita pembeni, na baada ya mvua kadhaa njia mpya ikajichimba. Kila mtu alisogea.

Mstari haukusogea.

Yoeli ndiye aliyeniambia. Alikuja kutoa pole, akatazama simu, akatazama kaburi.

"Tata," akaniita, yaani baba, "mstari unapita juu ya mama."

Akatembea upya, kwa pembeni, akawapelekea wa Bukoba mstari mpya. Wakamjibu amechelewa, mstari wa kwanza umeshaingia kwenye saa za watu, wengine wako mbali. Afunge tepe kwenye migomba, wakimbiaji wafuate tepe. Akafunga. Nikamuuliza kama hawezi kufuta pale tu, pale alipolala mama.

"Kwangu naweza, Tata. Kwenye mikono yao siwezi."

Siku ya mbio iliamka na mvua. Msalaba wa mti mchwa walishaula, na udongo ulishashuka, tuta halionekani. Nikakata nyasi nikamtandikia, kama alivyopenda nyumba itandikwe tukipata wageni. Nikakaa pembeni kwenye kigoda changu.

Wa kwanza walifuata tepe. Wakapita kando, nikawashukuru moyoni. Halafu akaja mmoja peke yake, macho kwenye mkono. Saa yake ikalia, kumbe ameuacha mstari. Akasimama kwenye tope, akageuka huku na huku, akarudi kwenye mstari wake. Akakanyaga nyasi. Waliokuwa nyuma wakamfuata.

Nilinyanyua fimbo. "Hapo kuna mtu," nikasema. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Wakadhani nawaonyesha njia.

"Asante babu kwa kututandikia!" msichana mmoja akasema, anahema. "Tope limetumaliza huko juu."

"Ni mke wangu."

"Msalimie sana!"

Akaenda. Yoeli alikuwa kituo cha maji, mbali kule chini, na mimi simu sina. Waliendelea kuja, wawili wawili, watano. Nikaacha kunyanyua fimbo. Kila nilipoinyanyua walipita palepale, wakinishukuru.